Ombi la Kutambuliwa Kwamba Jiko Letu Si Kaburi

Tekla Nandonde,
Kijiji cha Miteja,
30 Septemba 1996.

Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Kilwa Masoko.

Kupitia: Mtendaji wa Kijiji, Miteja (ambaye ameweka sahihi bila kusoma, kwa kuwa alikuwa anawahi kwenye msiba huu huu ninaoulalamikia).

Ndugu Afisa,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA UTANI KWA SIKU TISINI NDANI YA HATUA HAMSINI KUTOKA JIKO LETU LA KUCHOMEA NYAMA

Nakutakia afya njema wewe na ofisi yako, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Si ndefu kwa kupenda. Nimejaribu mara tatu kuifupisha, na kila mara nilipofuta jambo moja, watu uani kwangu walizalisha mawili.

Tunafahamiana kikazi. Mimi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa tarafa hii, mwenye shahada ya elimu ya jamii kutoka Chuo Kikuu pale Mlimani, na ndiye niliyeandika tasnifu ya mwaka 1978 kuhusu utani katika vijiji vya Kilwa na Lindi. Nakala yake mnayo kabatini, rafu ya tatu, chini ya ngoma iliyopasuka. Natanguliza hilo ili usidhani kuwa anayekuandikia hajui utani ni nini. Najua. Ndiyo sababu naomba usimame.

Nieleze chanzo. Mume wangu, Valentini, alikuwa msimamizi wa boila katika kiwanda cha korosho kwa miaka kumi na tisa. Mwezi Machi mwaka huu alipewa barua ya kupunguzwa kazini. Ilikuwa na mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa kumtakia kila la heri. Tukarudi hapa Miteja. Hakupiga kelele, hakunywa pombe, hakunigombeza. Hayo ningejua la kufanya nayo, nimeyasomea. Alikaa tu. Kwa miezi mitano alikaa chumbani akiutazama ukuta, akila nikimwekea sahani mapajani, akiitikia salamu kwa kichwa. Ndevu zikaota. Nilianza kumsikia mtu akitembea njiani na kutumaini kuwa ni yeye, wakati najua kabisa yuko chumba cha pili.

Agosti nilinunua sabuni. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, utakubaliana nami, hata sabuni zetu zinafungwa kwa karatasi za rangi. Hii ilifungwa kwa ukurasa wa jarida la kigeni wenye picha ya mzungu wa makamo, amevaa aproni ya mpishi, amesimama bustanini mbele ya jiko la matofali, anageuza nyama na kucheka. Nyuma yake mkewe ameketi kwenye kiti cha kukunja, hafanyi chochote. Valentini aliichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama ule ukuta, kisha akasema maneno yake ya kwanza tangu mwezi wa tano: "Bomba la moshi wameliweka vibaya." Sijui hadi leo kilichomvuta ni yale matofali au kile kicheko. Mimi, nakiri, nilivutwa na kiti.

Kesho yake aliamka alfajiri. Kwa majuma matatu alijenga jiko hilo katikati ya asumini yangu na tuta la mchicha, kwa mikono yake, kwa kamba, mwiko na pimamaji. Alibomoa ukuta wa mbele mara mbili kwa sababu ulikosea kwa unene wa ukucha. Siku ya tisa nilimsikia akipiga mluzi. Niliweka chini ungo niliokuwa nao nikaenda nyuma ya nyumba kulia mahali ambapo asingeniona. Naliandika hili kwa sababu ni la msingi kwa malalamiko yatakayofuata, wala sitafuti kuhurumiwa.

Jiko lilikamilika Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Lina urefu wa futi sita na upana wa futi mbili na nusu, kwa kuwa matofali yalizidi na yeye hakupenda kuyarudisha. Lina kimo cha magotini upande wa mbele, na kwa nyuma lina ukuta mdogo uliosimama, ambao kwa kupenda uzuri aliuzungushia nusu duara kwa juu. Saruji ilipokuwa bado mbichi, akaandika humo kwa kijiti, kama wafanyavyo mafundi wote, herufi za jina lake na tarehe: V.N. 14.9.96.

Mtu mwenye nia njema akiliona ataona jiko. Sitaki kuwa mbishi, Ndugu Afisa: nilipoliona asubuhi ya Jumapili, umande ukiwa juu yake na maua ya asumini yameanguka pembeni, hata mimi nilisimama kidogo. Lakini kusimama kidogo ni jambo moja, na yaliyotendeka ni jambo jingine. Nayaorodhesha.

1. Kuhusu kuingia ndani ya jiko bila idhini. Jirani yetu, Bwana Bakary Likwata, mkulima mwenye asili ya Mitole, ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu wanataniana tangu kwa mababu, na hakuna tena anayekumbuka nani alianza. Jumapili hiyo tulikuwa tumerudi kanisani. Bwana Likwata alipita njiani, akaliona jiko, akatupa jembe, akajishika kichwa na kulia kwa sauti iliyosikika hadi barabara kuu: "Valentini mwanaharamu wewe! Umejijengea kaburi hukutuita watani? Nani kakuchimbia? Umechimbiwa na mkeo msomi?" Kisha akapanda, akalala chali mahali panapotakiwa kuwekwa mkaa, akakunja mikono kifuani na kukataa kuinuka mpaka apewe kuku. Unajua kama nijuavyo kwamba mtani akiingia kaburini hatoki bure. Nilimweleza kwamba utaratibu huo unahusu kaburi, na hili ni jiko. Alinijibu akiwa amefumba macho, "Shemeji, jiko ambalo halijapikiwa na kaburi ambalo halijazikiwa vina tofauti gani?" Nilimpa kuku.

Naomba izingatiwe kwamba Bwana Likwata hakukosea kwa kutokujua. Matofali yametoka kwenye tanuru lake. Aliyaleta mwenyewe kwa baiskeli, akaambiwa ni ya nini, akaishika ile picha mkononi na kuuliza yule mama wa kwenye kiti anaumwa nini.

2. Kuhusu kutangazwa kwa msiba. Baada ya kupokea kuku, Bwana Likwata alimgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, na kumwuliza kwa upole mkubwa, "Haya, mtani, wewe naona bado unapumua. Basi tuambie, umemzika nani humu?" Nilidhani hatajibu, kwa kuwa tangu Machi hakuwa na mazoea hayo. Akasema, "Kazi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Neno hilo moja ndilo lililotuletea watu arobaini. Bwana Likwata hakucheka. Alivua kofia, akaenda nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba ile kazi ya Valentini, aliyoifanya miaka kumi na tisa, imefariki tangu Machi, na wafiwa wamekaa na maiti ndani miezi sita bila kumwambia mtu. Saa tisa alasiri mikeka ilikuwa imetandikwa. Kabla ya jua kupungua ukali, Bibi Magdalena wa kwaya alikuwa amefika na unga kilo mbili, ameshika shavu, akiniambia, "Pole, mwanangu. Na ilikuwa kazi nzuri, ya kukaa karibu na moto." Nilisema asante. Sikujua jibu lingine, na sidhani kama lipo.

3. Kuhusu ibada. Katekista alikuja, na maalimu wa msikitini naye akaja, kwa ujirani mwema kama ilivyo desturi ya hapa. Kila mmoja alimwuliza mwenzake kwa heshima kama marehemu alikuwa wa upande wake. Ilipobainika kwamba kazi ile ilikuwa ya shirika la umma, wote wawili waliona kwamba jambo hilo ni la serikali, wakanywa chai, wakaniachia mimi kama mtumishi wa serikali pekee aliyekuwepo. Niliombwa niseme machache. Nilisema machache. Nasikitika kukutaarifu kuwa watu walilia.

4. Kuhusu mbuzi. Tulikuwa tumemweka beberu kwa ajili ya uzinduzi wa jiko. Watani walimkamata siku ya pili, Bwana Likwata akamchinja mwenyewe ili watu wa dini zote waweze kula, na hapo sina lawama, alimchinja vizuri. Lawama yangu ni kwamba nyama hiyo ilipikwa juu ya mafiga matatu, hatua mbili kutoka jiko jipya la matofali lililojengwa mahususi kwa nyama hiyo. Nilipoonyesha kwa kidole, nilijibiwa na akina mama wote kwa pamoja kwamba haijawahi kusikika mtu akapikia juu ya kaburi. Bibi Magdalena aliongeza kwamba yeye hata kama angekuwa na njaa ya siku tatu asingethubutu, kisha akaniomba nisogeze asumini kidogo ili moshi wa mafiga usiidhuru.

5. Kuhusu wafiwa wa ziada. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya tano alikuja mtu nisiyemjua, ametoka Rutamba, huko Lindi, amepanda lori la mbao. Jina lake Haruna. Alikuwa dereva wa shirika la usafirishaji kabla halijauzwa. Alibeba usukani wa basi. Alisalimia vizuri, akauliza kama ni hapa wanapopokea kazi zilizokufa, maana amesikia kuna mwenye kaburi kubwa na roho nzuri. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Likwata alikwishamshika mkono: "Karibu, mfiwa mwenzetu. Marehemu wako alikuwa na miaka mingapi?" "Kumi na mmoja," akasema Haruna. Usukani ukawekwa upande wa kushoto.

Tangu hapo wamekuja ishirini na watatu. Bi Dativa, aliyekuwa karani wa duka la ushirika, ameleta muhuri. Yupo aliyeleta filimbi ya mkuu wa stesheni, ingawa Kilwa haina reli, na nilipomwuliza alisema hata yeye jambo hilo limemsumbua tangu aajiriwe. Bwana Ismaili, mpima mazao wa bodi, ameleta mizani na huipima kila asubuhi kuhakikisha haijaongopa. Pahali pa mkaa pamejaa. Kuna barua za kupunguzwa kazi zimekunjwa na kuingizwa kwenye matundu yaliyoachwa kwa ajili ya kupitisha hewa. Juzi walimteua Bwana Likwata kuwa msimamizi wa makaburi, na yeye akawauliza wafiwa kama cheo hicho kina barua ya ajira, kwa kuwa asingependa kukianza bila kujua atakizika lini. Walicheka hadi wengine wakatoka nje ya uzio. Nami nilicheka. Siku hizi nacheka mahali pasipofaa. Ni dalili mojawapo ya uchovu.

6. Kuhusu ukiritimba. Serikali yetu imeamua, na mimi kwa kazi yangu nimepita vijiji kumi na vinne nikiwaeleza wananchi, kwamba zama za ukiritimba zimekwisha na kila huduma itapatikana kwa ushindani. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: kwa nini utani umeachwa nyuma? Mimi sikumchagua Bwana Likwata. Nilimkuta kwenye ndoa. Hatoi risiti, hana mshindani, hawezi kufukuzwa, na nikimkasirikia mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa nimevunja sheria. Kama kungekuwa na zabuni, pengine ningepata mtani mpole kidogo, hata kama ni kutoka nje ya wilaya. Nimeifikiri hoja hii kwa siku mbili na naiona ina nguvu. Pia naiona ina kasoro mahali, lakini sijaiona ni wapi.

7. Kuhusu tasnifu yangu. Katika ukurasa wa 61 niliandika: "Utani humwezesha mtu aliyefikwa na jambo zito kulisikia likisemwa kwa sauti na mtu asiyeweza kumkasirikia." Profesa alipigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kuwa ni nzuri sana. Nimeishi na sifa hiyo kwa miaka kumi na minane. Juma lililopita nilirudi kwenye madaftari yangu ya utafiti nikagundua jambo la kutia aibu: watu kumi na wanane niliowahoji wote walikuwa wanatania siku hiyo. Sikumhoji hata mmoja aliyekuwa anataniwa. Ni sawa na mtu aandike sifa za sindano kwa kuwahoji wauguzi. Kwa hiyo naomba ukurasa wa 61 unyofolewe katika nakala yenu, taratibu, usiharibu wa 62 ambao bado nina imani nao kiasi.

8. Kuhusu mume wangu. Jambo hili lilistahili kuwa la kwanza. Nimelizunguka kwa mambo saba kwa sababu sikujua namna ya kuliandika kiofisi.

Valentini hajatoka chumbani tangu aseme lile neno. Siku kumi na tano. Majuma matatu ya kujenga yalinirudishia mtu. Nilimsikia akipiga mluzi, Ndugu Afisa, sikuota. Jioni ile ya Jumamosi aliniambia kwamba kesho tungechoma nyama, na kwamba mimi ningekaa tu. Alikuwa hata ameazima kiti. Sasa uani kuna watu sitini wanaomwombolezea kwa mapenzi ya kweli, na yeye yuko upande wa pili wa ukuta anawasikia wakiita kaburi kitu pekee alichokifanya kwa mikono yake tangu aambiwe kuwa mikono yake haihitajiki. Chumba chake kina dirisha dogo linaloelekea kwenye jiko hilo. Nimeona pazia likisogea. Halikufunguka.

Nimemweleza Bwana Likwata haya yote kwa lugha nyepesi, bila kutumia hata istilahi moja. Alinisikiliza, akasema, "Shemeji, mtu akifiwa akakaa ndani, sisi kazi yetu ni kukaa nje mpaka atoke. Wewe ulitaka tukakae wapi?"

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako:

(a) itoe waraka wa kusimamisha utani kwa siku tisini ndani ya hatua hamsini kutoka jikoni, hatua zikipimwa na mtu asiye mtani wa upande wowote, ikibidi aletwe kutoka mkoa mwingine;

(b) itambue kwa maandishi, na kwa muhuri ulio hai, kwamba kilichojengwa ni jiko, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuwasha moto humo bila kuhesabiwa kuwa amekosea marehemu;

(c) iwaelekeze wafiwa wa ziada wahamishe marehemu wao mpaka ofisi husika zilizowaua.

Nafahamu kuwa ombi (c) linaweza kukuletea ugumu na wakubwa. Nafahamu pia kuwa ombi (a) likikubaliwa kwangu, litaombwa na kila mwenye shemeji katika wilaya. Inawezekana nimekosea katika hoja ya sita, na huenda hata ya pili. Lakini katika hoja ya nane sijakosea. Namtaka mume wangu atoke nje. Kama kuna fomu ya jambo hilo, naomba itumwe.

Naifunga barua kabla karatasi haijaisha. Nisalimie mama watoto na watoto, na yule mhudumu wako anayepika chai ya tangawizi, na mwambie goti langu limepona. Msalimie Mhasibu hata kama hatuna wema naye. Wasalimie wote hapo wilayani ambao bado wana kazi, na hao wengine waambie njia ya kuja kwetu wanaijua.

Wako katika ujenzi wa taifa, na katika ujenzi mwingine uliotushinda,

Tekla Nandonde (Bi.)

Nyongeza, 2 Oktoba

Ndugu Afisa,

Barua hii ilikuwa bado haijapata gari la kuipeleka, hivyo nimeifungua tena. Nakuomba usiifanyie kazi.

Jana ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Kwa desturi, siku hiyo mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili watu wamwone mara ya mwisho na kucheka. Kwa kuwa kazi haina nguo, Bwana Likwata alimwomba Bibi Magdalena, naye Bibi Magdalena akaniomba mimi, na mimi, kwa sababu nisizoweza kuzitetea, nikatoa ovaroli la kiwandani la mume wangu kutoka sandukuni. Likwata akalivaa. Lilimbana tumboni. Akasimama mbele ya jiko, akavimbisha mashavu, akatangaza kuwa yeye ni Valentini na hili ni boila, na sasa anaanza zamu. Watu wakashangilia. Akazungusha usukani wa Haruna, akapiga muhuri wa Bi Dativa hewani, akasema, "Kwanza tunafungua koki ya mvuke!"

"Si hiyo!"

Sauti ilitoka dirishani. Pazia lilikuwa limefunguka lote.

"Si hiyo, Likwata! Ukifungua hiyo kwanza utaua watu!"

"Hii?" akauliza Likwata, akashika tofali jingine.

"Hiyo ni mbaya zaidi!"

"Basi hii."

"Toka hapo, mpumbavu wewe! Toka! Usiguse kitu!"

Na mlango ukafunguka. Alitoka na ndevu zake, amevaa shuka, macho yakipambana na jua. Alimsukuma Likwata kando na kuwaeleza watu sitini, kwa saa moja na nusu, jinsi boila ya kiwanda cha korosho inavyowashwa, kwa mpangilio, koki moja baada ya nyingine, na nini hutokea kwa mtu asiyefuata mpangilio. Alitoa usukani. Alitoa muhuri na mizani, akavikabidhi kwa wenyewe bila kuwatazama, kama fundi anayesafisha meza. Alizitoa barua kwenye matundu ya hewa, akasema hewa haiwezi kupita hivi, na kwa kuwa alihitaji karatasi ya kuwashia ili watu waone moshi unavyopaswa kupanda, akaziwasha hizo hizo. Moshi ulipanda wima. Hakuna aliyepinga. Bibi Magdalena ndiye wa kwanza kuleta nyama.

Likwata, bado akiwa ndani ya ovaroli, akasema kwa huzuni, "Mtani, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ngumu hivi. Afadhali ilivyokufa."

Valentini akamgeukia. Nilishika ukingo wa mkeka. Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Wewe Likwata, hata barua ya kufukuzwa hakuna aliyewahi kukuandikia."

Likwata alicheka mpaka akakaa chini, na vifungo viwili vya ovaroli vikakatika. Mume wangu naye akacheka. Si kicheko kizuri. Kimekauka, kinakwama kwama. Nitakizoea.

Kwa hiyo naondoa ombi (a), (b) na (c), pamoja na hoja ya kwanza hadi ya nane. Ukurasa wa 61 uachwe ulipo. Hata hivyo, kwa uaminifu wa kitaalamu siwezi kukuandikia kwamba utani ndio uliomtoa. Inawezekana kabisa kuwa ni koki tu, na kwamba mtu yeyote mwenye kukosea mpangilio kwa sauti kubwa angefaa. Ningependa kulichunguza zaidi, na ikiwa ofisi yako ina fungu la utafiti naomba nifikiriwe. Safari hii nitawahoji wanaotaniwa.

Nakuandikia haya nikiwa peke yangu nyumbani. Uani hakuna mtu. Valentini alinyoa ndevu asubuhi, akavaa shati, akatoka. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema atachelewa. Sasa inakaribia saa kumi na moja, sijui alikokwenda, sijui yuko na nani, na sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu Machi.

T.N.